Kumtembelea ndugu gerezani kunasaidia nini?

Tuseme leo saa kumi na moja jioni simu yako inaita, namba usiyoijua. Unapokea. "Wewe ni ndugu yake fulani? Njoo kituoni, ndugu yako amekamatwa." Basi. Hujui kosa ni nini, hujui uanzie wapi, na nyumbani kila mtu anakutazama wewe kwa sababu eti ndiye uliyesoma.

Kwetu simu hiyo iliingia miaka minne iliyopita. Kaka yangu alikuwa mtunza stoo, mzigo ukapotea, akashtakiwa kwa wizi. Mahakama ilimpa dhamana siku ya kwanza kabisa. Lakini wadhamini hawakukamilika, akapanda karandinga kwenda mahabusu, na huko akakaa wiki saba. Kila Jumamosi mama alipanda daladala mbili kwenda kumwona, akiwa na mfuko wa sabuni, dawa ya meno na chakula. Jumamosi ya tano alirudi amechoka, akakaa kwenye mkeka, akaniuliza:

"Hivi mwanangu, mimi kwenda kule kila wiki kunasaidia nini? Nauli peke yake ni hela ya mboga ya siku mbili."

Nikamjibu kwamba inamtia moyo. Jibu zuri, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nabahatisha. Swali la mama ni swali la kisayansi kabisa: je, mtu anayetembelewa hutoka akiwa na hali tofauti na asiyetembelewa? Na kama ndiyo, tunajuaje kwamba ni ziara ndiyo iliyoleta tofauti, si kitu kingine? Hayo ndiyo nataka tuyaangalie leo.

Mahabusu na mfungwa si kitu kimoja

Kabla hatujaenda mbali, tuwekane sawa kwenye maneno, maana mtaani tunayachanganya. Mfungwa ni mtu aliyekwisha kuhukumiwa na anatumikia adhabu. Mahabusu ni mtu anayesubiri kesi yake. Wote wanaweza kuwa nyuma ya ukuta uleule, lakini mahabusu bado hajathibitika kuwa na hatia. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji mpaka hatia yake ithibitike.

Tofauti hii ni muhimu kwa familia, kwa sababu msaada anaouhitaji mahabusu si uleule anaouhitaji mfungwa. Mahabusu anahitaji mtu wa kumtoa. Mfungwa anahitaji mtu wa kumshikilia asipotee mpaka siku ya kutoka. Tuanze na huyu wa pili, maana ndiye aliyechunguzwa kwa muda mrefu zaidi.

Namba ya kwanza: wawili dhidi ya kumi na wawili

Mwaka 1972 watafiti wawili, Norman Holt na Donald Miller, walitoa ripoti kuhusu wanaume waliokuwa wamefungwa katika jimbo la California, Marekani. Waliangalia jambo rahisi: nani alitembelewa, na nani alirudi gerezani ndani ya mwaka mmoja baada ya kuachiliwa. Kati ya waliokuwa na wageni watatu au zaidi, waliorudi walikuwa asilimia 2. Kati ya wasiokuwa na mgeni hata mmoja, waliorudi walikuwa asilimia 12. Yaani mara sita.

Ningekuwa nimemsomea mama namba hiyo Jumamosi ile, angefurahi. Lakini ningekuwa nimemdanganya kidogo. Subiri nikueleze kwa nini.

Kama ulisoma shule ya bweni, kumbuka siku ya wazazi. Wapo wanafunzi ambao kila mara mzazi alikuja, na wapo ambao walishinda bwenini wakisikia wenzao wakiitwa majina. Sasa ukichukua matokeo ya kidato cha nne, huenda ukakuta waliotembelewa wamefaulu zaidi. Je, utasema ni ule wali na kuku wa siku ya wazazi uliowafaulisha? Hapana. Mzazi anayekuja kutembelea mara nyingi ndiye huyohuyo anayelipa ada kwa wakati, anayenunua vitabu na anayefuatilia ripoti. Ziara ni alama tu ya mambo mengine mengi yaliyo nyuma yake.

Gerezani ni vilevile. Mtu anayepata wageni watatu labda ana mke, ana nyumba ya kurudi, ana mjomba mwenye duka atakayempa kazi. Asiyepata mgeni labda aligombana na ukoo mzima zamani, au kosa lake ndilo lililowafukuza ndugu. Hawa wawili walikuwa tofauti kabla hata ya ziara ya kwanza. Kwa hiyo mambo mawili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba moja limeleta lingine. Ukibeba kitu kimoja tu kutoka kwenye makala hii, beba hicho, kitakufaa hata ukisoma habari za dawa, vyakula na uchumi.

Kulinganisha wanaofanana

Watafiti wanatokaje kwenye mtego huo? Njia moja ni kulinganisha watu wanaofanana kadiri inavyowezekana: umri uleule, aina ileile ya kosa, idadi ileile ya vifungo vya nyuma, muda uleule gerezani, na kinachotofautiana kiwe ziara tu.

Idara ya magereza ya jimbo la Minnesota ilifanya hivyo katika utafiti uliotoka mwaka 2011. Walifuatilia watu 16,420 walioachiliwa kati ya mwaka 2003 na 2007. Walipoondoa kihesabu tofauti hizo nyingine, kutembelewa kulipunguza hatari ya kuhukumiwa tena kwa kosa kubwa kwa asilimia 13, na hatari ya kurudishwa gerezani kwa kuvunja masharti ya kuachiliwa kwa asilimia 25.

Ona kilichotokea. Ile "mara sita" imeyeyuka, imebaki asilimia 13. Sehemu kubwa ya tofauti ya mwanzo huenda haikuwa kazi ya ziara zenyewe. Lakini haikuisha yote, kuna kitu kimebaki. Asilimia 13 maana yake nini? Tufanye hesabu ya mfano: kama katika watu 100 wasiotembelewa 40 wangehukumiwa tena, basi kwa watu 100 wanaofanana nao lakini wanatembelewa wangekuwa kama 35. Watu watano. Unaweza kuona ni wachache, ila fikiria kila mmoja wao ana mama, na huenda kuna mtu mtaani ambaye angeibiwa au kupigwa na sasa hakuibiwa wala hakupigwa.

Utafiti huo ulikuwa na mambo mengine matatu ambayo mimi nayaona ya thamani kuliko hiyo asilimia.

Kwanza, idadi na wakati wa ziara vina uzito. Ziara nyingi zilisaidia kuliko moja, na ziara za karibu na siku ya kutoka zilisaidia zaidi. Inaeleweka: hapo ndipo mtu anapopanga atalala wapi, atakula nini, nani atampokea stendi.

Pili, si kila mgeni ni sawa. Waliosaidia zaidi walikuwa ndugu wa kuzaliwa pamoja, wakwe na mashemeji, akina baba, na viongozi wa dini. Ziara za wenzi waliokwisha kuachana zilikwenda kinyume, ziliongeza hatari. Ukienda kule kufufua ugomvi, afadhali nauli ungenunulia mboga.

Tatu, na hili ndilo lililoniuma: karibu wawili katika kila watu watano hawakutembelewa hata mara moja. Hao tutawarudia.

Kilichotokea Jumamosi ya sita

Narudi kwa kaka. Wakati mimi natafuta majibu vitabuni, yeye kule ndani alikuwa amepata ushauri wa bure kutoka kwa wenzake wa selo: "Kiri tu kosa, utapigwa faini, utoke. Ukikataa, kesi itatajwa, itatajwa, mpaka uzeeke humu." Kila baada ya wiki mbili hivi alipelekwa mahakamani, kesi ikatajwa, upelelezi haujakamilika, karandinga likamrudisha. Akaamua kwamba safari ijayo atakiri. Kitu ambacho hakukifanya.

Mama alikwenda Jumamosi ya sita, kwa mazoea tu. Kaka akamwambia mpango wake. Mama, ambaye hajui kifungu hata kimoja cha sheria, alimuuliza swali moja: "Ulichukua?" Akasema sikuchukua. "Basi usiseme ulichukua. Sisi tunatafuta wadhamini."

Nilidhani hiki ni kisa cha nyumbani kwetu peke yake. Baadaye nikakuta kina utafiti wake.

Bahati ya zamu

Mwaka 2018 wachumi watatu, Will Dobbie, Jacob Goldin na Crystal Yang, walichapisha utafiti kuhusu washtakiwa wa Philadelphia na Miami, Marekani. Walitaka kujua: kumweka mtu mahabusu kabla ya kesi kunabadilisha nini? Mtego ni uleule wa siku ya wazazi. Wanaokaa mahabusu na wanaotoka kwa dhamana ni watu tofauti tangu mwanzo, huwezi kuwalinganisha hivihivi.

Ujanja wao ulikuwa huu. Katika miji hiyo, nani ataamua dhamana yako hutegemea zamu ya siku uliyoletwa. Wapo waamuzi walegevu na wapo wakali, na mshtakiwa hachagui. Yaani watu wawili wenye kosa lilelile, mmoja kakuta zamu ya mkali, mwingine zamu ya mlegevu, wametenganishwa na bahati tu, kama kurusha shilingi. Bahati inapogawa watu hivyo, mtafiti anaweza kuona athari ya mahabusu yenyewe.

Matokeo: kuachiliwa kabla ya kesi kulipunguza uwezekano wa mtu kutiwa hatiani kwa pointi 14 za asilimia. Na sababu kubwa haikuwa ushahidi mpya. Sababu ilikuwa kwamba waliobaki ndani walikiri makosa kwa wingi zaidi. Miaka iliyofuata, walioachiliwa walikuwa pia na nafasi kubwa zaidi ya kuwa na ajira rasmi.

Haki itendeke kwa pande zote: walioachiliwa walikosa kufika mahakamani zaidi, na wengine walifanya makosa wakiwa nje. Lakini baada ya kesi makosa yao yalipungua kuliko ya waliokaa ndani, na watafiti walipojumlisha pande zote mbili hawakuona tofauti ya maana katika uhalifu wa baadaye.

Utafiti ni wa Marekani, ambako mtu akikiri mara nyingi ni katika mapatano na mwendesha mashtaka. Mahakama zetu zina taratibu zake. Ila kinachomsukuma mtu kukiri ili yaishe hakina uraia. Aliye ndani anapoteza kibarua, kodi ya chumba inaisha, watoto wanarudishwa shule, na hukumu inaanza kuonekana kama mlango wa kutokea. Aliye nje anaweza kusubiri.

Kwa hiyo anza na dhamana

Hapa ndipo swali la mama linageuka. Ziara inasaidia, ndiyo. Lakini ukiweza, msaada wa kwanza ni ule utakaofanya ziara isihitajike.

Kwa Tanzania, mtu aliyekamatwa bila hati anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au aachiwe kwa dhamana ya polisi, isipokuwa kwa makosa ambayo adhabu yake ni kifo. Kwa makosa mengi dhamana inaruhusiwa na dhamana yenyewe haiuzwi. Kuna orodha ya makosa yasiyo na dhamana, kama mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha. Mwezi wa Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema orodha hiyo inavunja Katiba, lakini Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Kwa hiyo jambo la kwanza kuuliza kituoni ni hili: kosa ni lipi hasa? Jibu lake linaamua mengine yote.

Kosa likiwa na dhamana, mara nyingi kinachokwamisha watu ni karatasi, si sheria. Mahakama itataka wadhamini, kwa kawaida wawili, wenye barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji na kitambulisho, watakaosaini dhamana ya kiasi fulani. Wakati mwingine hutakiwa hati ya mali. Unajua kaka yangu alikwamia wapi wiki zote hizo? Barua ya mdhamini mmoja iliandikwa "Ramadhan" na kitambulisho kinasema "Ramadhani". Herufi moja. Aliporudi kubadilisha barua, mtendaji hayupo. Alipopatikana, tarehe ya mahakama imepita. Mdhamini mwingine alisikia neno "mahakama" akazima simu.

Kwa hiyo kagua majina herufi kwa herufi kabla hujatoka ofisi ya mtaa. Na mweleze mdhamini ukweli: kazi yake ni kuhakikisha mshtakiwa anafika mahakamani kila tarehe, na mshtakiwa akitoroka, mdhamini anaweza kudaiwa kiasi alichosaini. Mtu akielewa anachosaini hazimi simu.

Akishahukumiwa, saa inahesabu

Ikitokea amefungwa, wengi tunalia wiki mbili ndipo tunaanza kuuliza. Hapo mmechelewa. Anayetaka kukata rufaa kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu anatakiwa kutoa kusudio ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Mfungwa anaweza kuiwasilisha kupitia mkuu wa gereza, haitaji kuwa na wakili kwanza. Kwa hiyo ziara ya wiki ya kwanza ibebe swali hili: umetoa kusudio?

Yapo mengine ya kuuliza. Kwa vifungo visivyozidi miaka mitatu, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu mahakama kumpa mtu kazi ya kuihudumia jamii badala ya kumfunga. Na mfungwa mwenye mwenendo mzuri kwa kawaida hupata msamaha wa theluthi moja ya kifungo chake. Hesabu hiyo ni nzuri kuijua, kwa sababu ndiyo inayokuambia ziara za miezi ya mwisho, zile zenye uzito, zinaanza lini.

Na yule asiye na mtu?

Nilisema tutawarudia wale wawili kati ya watano. Mtu amekamatiwa mji wa mbali, ndugu hawajui, au wanajua na wamemkataa. Nani atapeleka barua ya mtaa?

Malawi walijaribu jibu kuanzia mwaka 2000. Mashirika ya kiraia yalifundisha wasaidizi wa kisheria, watu ambao si mawakili, wakaanza kuingia magerezani kila mara. Waliwafundisha mahabusu sheria kwa michezo ya kuigiza: wewe kuwa hakimu, wewe kuwa mshtakiwa, sasa omba dhamana. Walipitia orodha kutafuta waliokaa muda kupita kiasi, wakatafuta ndugu zao, wakawaunganisha na mahakama. Mpango huo ulinakiliwa katika nchi nyingine. Tanzania nayo ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowatambua rasmi wasaidizi wa kisheria na kuwataka polisi na magereza waweke utaratibu wa watu walio kizuizini kupata msaada huo. Wasaidizi hao wapo wilayani, na huduma yao ni bure kwa asiyejiweza.

Ukitazama vizuri, msaidizi wa kisheria, mdhamini, sheikh, mchungaji na mama mwenye mfuko wa sabuni wanafanya kazi moja. Kila mmoja ni mtu wa nje anayejua jina la aliye ndani na anayerudi tena. Tafiti zote nilizokusimulia, ukiondoa hesabu, zinapima hicho.

Jibu la mama

Kaka alitoka wiki ya saba, barua ya tatu ilipokuwa na jina sahihi. Miezi kadhaa baadaye upande wa mashtaka uliiondoa kesi. Kazi yake hakuirudia, nafasi ilishachukuliwa. Sasa ana genge la matunda na hapendi kuongelea habari hizo, na amenipa ruhusa ya kuandika kwa sharti la kutomtaja jina.

Nilimpelekea mama majibu, nikamweleza California, Minnesota, zamu za waamuzi na ile asilimia 13. Alisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele. Kisha akasema, "Kwa hiyo nilikuwa sahihi kwenda."

Ndiyo, mama. Ila Jumamosi ya kwanza tungeenda serikali ya mtaa.